Volti Tano Kando ya Kaburi la Baba

Mkate wa kwanza ambao shangazi aliuoka kwa umeme niliula nikiwa nimesimama, kipimo mkononi, kwa sababu nilikuwa bado sijaridhika. Ilikuwa Jumanne asubuhi, Kihanga, mvua imenyesha tangu alfajiri na migomba bado inadondosha maji. Oveni ilikuwa ya mtumba. Kibandiko cha nyuma kinachotaja wati zake kilikuwa kimekwanguka, zimebaki herufi mbili zisizosema kitu, na shangazi aliinunua hivyo hivyo kwa kuwa muuzaji wa Omurushaka alimwambia inaoka mikate kumi na miwili kwa mpigo. Sasa alitaka kujua inakula umeme kiasi gani, na kama waya nilioutandika utaumudu. Mimi ndiye niliyesoma umeme miaka minne, kwa hiyo mimi ndiye niliyeulizwa.

Kuhesabu kwenyewe si kazi. Unapima volti zinazofika kwenye oveni, unapima ampia zinazopita kwenye waya wake. Ukizidisha volti kwa ampia unapata wati, yaani nguvu inayoliwa. Ukigawa volti kwa ampia unapata omu, yaani ukinzani, ule ugumu ambao umeme unaukuta unapopita. Mwanafunzi wa kidato cha tatu anaweza.

Kipimo changu cha ampia ni cha kubana, kina mdomo unaofunguka na kuukumbatia waya. Niliukumbatisha waya mzima kama ulivyo. Kikasoma sifuri.

“Haili kitu,” shangazi alisema, mikono yake imejaa unga. “Mungu ni mwema.”

Umeme unaokwenda na ule unaorudi ukiwa pamoja ndani ya mdomo ule hufutana, na kipimo hakioni kitu. Nililijua hilo. Niliwahi kulijibu kwenye mtihani. Nikatenganisha nyaya, nikabana mmoja tu, masikio yanawaka moto.

“Miaka minne, injinia. Ulikuwa unasoma au ulikuwa unalala?”

“Shangazi, subiri kidogo.”

“Nasubiri. Hata huu unga unasubiri.”

Ampia nane. Volti mia mbili kumi na nne. Nikazidisha kwenye daftari: wati elfu moja mia saba na kumi na mbili. Nikagawa: omu ishirini na sita na robo tatu. Waya wangu ulikuwa mnene wa kutosha kubeba ampia nane bila kulalamika. Kila kitu kilikuwa sawa, na mtu mwingine angekula mkate wake akaondoka. Lakini mimi ni mtu wa kurudi kuangalia kama nimefunga mlango, kisha kurudi tena kuangalia kama nilipoangalia niliangalia vizuri. Nikavuka kibanja, shamba letu la migomba, hadi nyumba ya bibi, ambako umeme unaingilia, nikapima huko wakati oveni inawaka. Volti mia mbili ishirini na sita.

Kumi na mbili zilikuwa zimepotea njiani.

Volti kupungua njiani ni kawaida. Waya mrefu nao una ukinzani wake. Wangu ulikuwa wa mita hamsini na nane kwenda, na hamsini na nane kurudi. Nilitafuta unene wake kwenye jedwali la kitabu cha chuo, nikahesabu, nikazidisha kwa ampia nane. Zilipaswa kupotea volti saba. Nikahesabu tena nikiwa nimekaa. Saba. Kwa hiyo volti tano hazikuwa na maelezo, na volti tano kwa ampia nane ni wati arobaini, zinazoliwa na kitu fulani kati ya nyumba mbili, mahali ambapo hapakuwa na kitu isipokuwa migomba, mibuni michache na makaburi.

Niliyajua yalipo. Hapo ndipo ninapopaswa kueleza kuhusu kiungo, mahali nilipounga waya.

Shangazi ni dada wa baba. Alikuwa ameolewa Bugomora, mume akafariki, akarudi nyumbani na kujengewa vyumba viwili upande wa pili wa kibanja cha bibi. Nguzo ya umeme ya kumfaa yeye tuliambiwa itakuja, na bado inakuja. Nikasema nitavuta waya kutoka kwa bibi. Nilipima kwa hatua mstari ulionyooka, nikanunua mita hamsini. Siku ya kuulaza, bibi alitoka na fimbo yake, akasimama katikati ya mstari wangu.

“Unapita wapi?”

“Hapa, bibi. Nanyoosha.”

“Unanyoosha juu ya kichwa cha baba yako?”

Kwetu wafu hulazwa kibanjani, karibu na nyumba, na migomba huwazunguka. Babu yuko pale, na baba yuko kushoto kwake. Sikuwa nimekusudia kupita juu yao, ila kati yao, lakini bibi alisema hata kati hapapitwi na kamba. Nikazunguka kwa nje, upande wa miguu, na mzunguko ule ukaula waya wangu. Zilipungua mita nane. Nilikuwa na kipande kilichobaki cha kazi nyingine, nikakiunga. Kiungo cha namna ile kinataka boksi la kuunganishia, lenye skrubu za kubana shaba, na boksi sikuwa nalo. Shangazi alitaka taa, wageni wa kipaimara walikuwa wanakuja kesho yake. Nikasokota shaba kwa vidole, nikazungushia tepu nyeusi, nikajiambia nitarudi wiki ijayo kuweka boksi. Kiungo kilikaa sentimita chache kutoka miguuni pa baba.

Wiki ijayo ikapita. Bibi akatandaza nyasi kibanjani, kama anavyofanya kila mwaka kushika unyevu wa migomba, nyasi nene hadi vifundo vya miguu, na waya wangu ukafunikwa wote.

Jumanne ile, daftari mkononi, nilijua vizuri kabisa ni wapi volti tano zinakwenda. Shangazi aliniuliza, “Ni salama?” Nikajibu, “Ni salama.” Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Ilikuwa kazi ya kwanza niliyowahi kufanya kwa mikono yangu tangu nimalize chuo, na maombi ya kazi niliyotuma yalikuwa hayajajibiwa hata moja. Nikajiambia huenda kipimo ni kibovu. Nikajiambia wati arobaini chini ya nyasi mbichi si kitu, mvua inapoza. Kisha nilikaa siku tatu nikiwaza maneno “nyasi mbichi”.

Bibi ndiye aliyelitaja kwanza. Nilikwenda kumsalimia wiki mbili baadaye, nikamkuta hayuko barazani. Alikuwa amekaa kibanjani, peku, miguu imenyooshwa juu ya nyasi, mgongo kwenye mgomba.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mke mwenzangu. Njoo ukae. Leo yupo.”

“Nani?”

Aligonga nyasi kwa kiganja, taratibu, kama mtu anavyomgonga mtoto aliyelala. “Mwana wange,” alisema. Mwanangu. “Ana joto. Weka mkono.”

Sikuuweka. Nilisimama nikiwa nimekamata mkoba wangu. Bibi alinieleza, kwa Kinyambo na bila haraka, kwamba baridi ya asubuhi ilikuwa inamuuma magoti, akakaa pale kupumzika, akasikia ardhi ina joto kama kitanda ambacho mtu ametoka kuamka. Haikuwa kila siku. Alikuwa amefuatilia. “Huja siku za shangazi yako kuoka,” alisema. “Jumanne na Ijumaa. Unakumbuka alivyopenda mkate? Hata wa jana.”

Nilikumbuka. Nilikumbuka pia kwamba baba alipofariki nilikuwa mwaka wa pili, na basi langu liliharibika njiani. Nilishuka Omurushaka saa tisa alasiri, na alikuwa amezikwa saa nane. Kila mtu wa nyumba ile alimgusa paji la uso isipokuwa mimi. Nilikuta udongo.

Nilikwenda kwa shangazi. Oveni ilikuwa inawaka. Nikapima: volti mia mbili na kumi na moja, ampia saba nukta tisa. Kwa bibi, mia mbili ishirini na saba. Nikagawa ya oveni: omu zile zile, ishirini na sita na kitu. Oveni haikuwa imebadilika hata kidogo, na waya una urefu ule ule. Lakini zilikuwa zimepotea volti kumi na sita. Nikitoa saba za waya zinabaki tisa. Tisa kwa saba nukta tisa, wati sabini na moja.

Kiungo kilichosokotwa ovyo kikipata joto, shaba yake huota kutu. Kutu huongeza ukinzani. Ukinzani huongeza joto. Huwa hakirudi nyuma chenyewe. Na mvua zilikuwa zimekata. Juu nyasi zilikuwa zimeanza kuwa nyeupe. Bibi yangu alikuwa anakaa peku juu ya kiungo kilichofungwa tepu, akikipapasa kwa kiganja. Kuna njia mbili za kumpoteza, niliwaza: tepu iyeyuke aiguse shaba, au nyasi zishike moto naye hawezi kuinuka haraka. Niliziandika zote mbili kwenye daftari, kana kwamba kuziandika ni kufanya kitu.

“Mbona unapima pima?” shangazi aliuliza. “Kuna tatizo?”

“Hapana. Nalinganisha.”

“Linganisha na bwana wa kukuoa. Mikate yangu siku hizi haikauki vizuri ndani, ndiyo ulinganishe hiyo.”

Hata hilo lilikuwa kwenye hesabu. Volti zilizokuwa zinabaki kibanjani zilikuwa zinakosekana kwenye mikate yake.

Ningeweza kuzima umeme siku ile ile. Nusu saa ya kazi. Badala yake nilirudi jioni, oveni imezimwa saa nyingi, bibi yuko ndani anamenya ndizi, nikaenda mwenyewe miguuni pa baba na kuweka mkono. Lilikuwa limebaki joto kidogo sana. Nilikaa mpaka likaisha.

Mwalimu wetu mmoja wa chuo alipenda kutuambia kwamba mtu mzima aliyekaa tu hutoa joto linalokaribia wati mia moja, kwa hiyo darasa la watu hamsini ni sawa na pasi tano zinazowaka. Darasa lilicheka. Nilikuwa sijalikumbuka jambo hilo tangu siku ile, na sasa lilinifuata kila mahali, kwenye foleni ya bomba, kanisani. Arobaini. Sabini na moja. Nilijua ni shaba na kutu. Nilijua kanuni, nilijua aliyekisokota, nilijua hata tepu ilinunuliwa wapi. Lakini Ijumaa iliyofuata nilipokuwa navuka kibanja na kipimo, niligundua kwamba sikuwa nakwenda kuangalia kama hatari imezidi. Nilikuwa nakwenda kuangalia kama imefika mia.

Kwa bibi: mia mbili ishirini na saba. Kwa shangazi: mia mbili na nane, ampia saba nukta nane. Nikatoa, nikatoa tena, nikazidisha. Volti kumi na mbili, ampia saba nukta nane. Tisini na tatu na kitu.

Nilifurahi. Ninaliandika hili kwa sababu ndilo lililonitoa mbio. Nilisimama jikoni kwa shangazi, namba ile chini ya kidole changu, nikasikia furaha inapanda kifuani, na nyuma yake mara moja nikasikia hofu ambayo sikuwahi kuisikia, hofu ya kujihofia mimi mwenyewe.

Nilimkuta bibi amelala. Hakuwa amekaa, alikuwa amejilaza ubavu, khanga imefunika mabega, kiganja na shavu juu ya nyasi. Kulikuwa na harufu ya plastiki, ndogo, ile ya plagi iliyochoka.

“Leo yuko karibu,” alisema bila kufumbua macho.

“Bibi, inuka.”

“Niache kidogo.”

“Bibi, tafadhali, inuka. Huo ni waya.”

Alifumbua jicho moja. Sikungoja. Nilimshika kwapani, nikamwinua, naye akanung'unika kwamba ninamvuta kama mbuzi wa soko. Nikamkalisha kwenye jiwe la mbele ya nyumba. Nikaingia ndani, nikazima swichi kuu. Ng'ambo ya kibanja nilimsikia shangazi anauliza nani kazima. Nikarudi na jembe, kisha nikaliacha jembe, nikafukua kwa mikono.

Nyasi za juu zilikuwa kavu. Za katikati zilikuwa za kahawia. Za chini kabisa zilikuwa nyeusi, zinavunjika vidoleni kama majani ya chai, na katikati yao kulikuwa na kiungo changu. Tepu ilikuwa imeyeyuka na kujikunja, shaba imeachwa wazi upande mmoja, nyeusi kama sufuria ya jiko la kuni. Niligusa kwa mgongo wa mkono nikautoa haraka. Nilipomtazama bibi niliona, kwenye khanga yake, alama ya kahawia ya ukubwa wa kifuniko cha soda. Ilikuwa upande wa bega. Yeye hakuwa ameiona.

Shangazi alifika na unga hadi kwenye viwiko. Aliangalia shimo, akaangalia kiungo, akaangalia khanga ya mama yake. Hakutania. “Uliniambia salama,” alisema.

“Ndiyo.”

“Lini ulijua?”

“Jumanne ya kwanza.”

Alishika bega la bibi, akaifunika ile alama kwa mkono wake. Hajawahi kuniuliza tena kuhusu hilo, na ningependa angeuliza.

Nilichuchumaa mbele ya bibi nikamweleza. Nilimweleza vibaya, kwa maneno ya darasani, kwamba mahali ambapo waya umeungwa vibaya umeme hupita kwa shida, na shida hiyo hugeuka joto. Kwamba nilikuwa nimeuunga mimi. Kwamba ni siku za oveni kwa sababu ni oveni. Alisikiliza mpaka mwisho huku anajifuta nyasi shavuni.

“Kwa hiyo hakuwa yeye.”

“Hakuwa yeye, bibi.”

“Na wewe ulijua, ukaniacha nikae.”

“Ndiyo.”

“Kwa nini?”

Nikamwambia kwamba jioni moja nilikwenda nikaweka mkono. Bibi hakusema amenisamehe. Alisema niende Omurushaka kutafuta hilo boksi kabla gari hazijaisha.

Jumatatu nilikata kiungo chote, nikasimika kigingi mbali na makaburi, nikafunga boksi juu yake, wazi, mahali ambapo kila mtu analiona na nyasi hazifiki. Jumanne nikapima. Kwa bibi, mia mbili ishirini na sita. Kwa shangazi, mia mbili kumi na tisa. Zimepotea saba, na saba ndizo za waya. Nilipima mara tatu. Kibanjani hapakuwa na kitu.

Bibi alitoka asubuhi hiyo kama kawaida. Nilimwona akiinama kwa shida, akaweka kiganja pale pale, akangoja. Kisha akaja kukaa jikoni kwa shangazi, jambo ambalo hakuwa akilifanya.

“Baridi,” alisema. Baada ya muda akauliza, “Joto lile sasa limekwenda wapi?”

Hili nilikuwa na jibu lake, na lilikuwa sahihi. “Limekuja huku, bibi. Kwenye oveni. Sasa umeme wote unafika.”

Na kweli ulikuwa unafika. Wati karibu elfu moja mia nane, na shangazi alikuwa amezoea oveni iliyochoka. Alifungua mlango akiwa amechelewa, akaguna. Mikate ya safu ya juu ilikuwa imeungua.

“Injinia, umeniunguzia.”

“Punguza dakika, shangazi.”

“Nitapunguza dakika. Hii nitawapa kuku.”

“Lete mmoja,” bibi alisema.

“Umeungua, mama.”

“Nimeona. Lete.”

Shangazi alimpa ule mweusi zaidi, umefungwa kwenye kitambaa. Bibi alikifungua kitambaa, akaushika mkate mtupu kwa viganja vyote viwili juu ya mapaja yake. Ulikuwa wa moto sana, niliona vidole vinabadilisha mahali. Hakuumega. Shangazi aliosha bakuli, akatoa safu ya pili, akazima oveni. Bibi alikaa vile vile, macho yake mlangoni, mpaka mkate ukapoa kabisa, ndipo akala.